Rangi Iliyobanduka: Malalamiko ya Wageni na Historia ya Kuporomoka kwa Bustani za Burudani

Katika kuandika historia ya taasisi, tumezoea kuanza na kumbukumbu za vikao, mizania ya fedha na hotuba za wakubwa. Sauti ya mtu aliyelipa kiingilio, akapanga foleni kwa saa mbili na kurudi nyumbani akinung'unika, huwa tunaiacha nje ya maktaba. Huhesabiwa kuwa ni kelele. Katika makala haya nakusudia kuonesha kwamba kelele hiyo ni ushahidi wa kihistoria kama ulivyo ushahidi mwingine, nao una kanuni zake za kupimwa. Nimechagua mfano ambao kwa mtazamo wa haraka hauna uzito wowote wa kisiasa, yaani bustani kubwa za burudani za Marekani. Msomaji atakayenivumilia hadi mwisho ataona kuwa ndani ya suala la bembea na vigari vya kuchezea yamo masuala ya tabaka, ubaguzi wa rangi, uwajibikaji, na hata uhai wa watu.

Hoja yangu ni kwamba si kila anayesema "mahali hapa pameshuka hadhi" anasema jambo moja. Kuna malalamiko yanayotokana na hofu ya kuchanganyika na watu wa chini. Kuna malalamiko yanayotokana na mapenzi ya ujana uliopita. Na kuna malalamiko yanayotokana na ufa ambao mlalamikaji ameuona kwa macho yake. Kiongozi asiyezitofautisha aina hizi tatu ama atawanyima haki watu wasiostahili kunyimwa, ama atapuuza onyo lililokuja mapema.

Coney Island: nani alisema pameharibika?

Mwanzoni mwa karne ya 20, ufuko wa Coney Island katika jiji la New York ulikuwa na bustani tatu ambazo mfano wake haukuwahi kuonekana duniani. Steeplechase Park ilianzishwa na George Tilyou mwaka 1897. Luna Park ilifunguliwa mwaka 1903 na Frederic Thompson pamoja na Elmer Dundy, ikiwa na takriban taa 250,000 za umeme, katika zama ambazo nyumba nyingi za wafanyakazi hazikuwa hata na taa moja ya umeme. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Dreamland, iliyojengwa na mwanasiasa na mfanyabiashara William Reynolds kwa nia ya kuipiku Luna.

Ushindani huo ulikuwa na gharama kubwa. Wageni walitaka jambo jipya kila msimu, na jambo jipya lilitaka mtaji mpya. Majengo yenyewe yalikuwa ya mbao na plasta, mazuri kwa macho na dhaifu mbele ya moto. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, Dreamland iliteketea na haikujengwa tena. Mwaka 1912 Thompson alifilisika na kuipoteza Luna. Bustani hiyo iliendelea mikononi mwa wengine hadi ilipoungua mwaka 1944, nayo ikawa imekwisha.

Mwaka 1920 yalitokea mabadiliko ya aina nyingine. Reli ya mjini ilifika Coney Island, na kwa nauli ya senti 5 mfanyakazi wa kiwandani, mhamiaji wa Kiyahudi au wa Kiitalia, na familia ya watu weusi kutoka Harlem waliweza kufika baharini. Siku za joto kali ufuko ulijaa watu hadi mchanga hauonekani. Ni katika miaka hiyohiyo ndipo watu wenye uwezo walipoanza kusema kwa sauti kubwa kwamba Coney Island imepoteza ubora wake, imekuwa chafu, ya kelele na ya watu wasio na adabu.

Je, walisema uongo? La, si kabisa. Vivutio vingi vilikuwa vimechakaa, na biashara ilikuwa imehamia kwenye vibanda vidogo vya bei nafuu. Lakini mwanahistoria makini hana budi kuuliza: ni nani alikuwa anasema, na alikuwa anapima nini? Kwa yule aliyezoea kufika akiwa na nafasi ya kutosha, kuja kwa umma kulikuwa ndiko kuporomoka kwenyewe. Kwa yule aliyefika kwa mara ya kwanza kwa senti 5, mwaka 1920 ulikuwa mwanzo wa mambo mema. Mahali ni palepale na mwaka ni uleule, lakini historia ni mbili.

Glen Echo: pale "ubora" ulipokuwa jina la ubaguzi

Mfano ulio wazi zaidi uko Glen Echo, katika jimbo la Maryland, jirani na mji mkuu wa Marekani. Bustani hiyo ilikuwa ya watu weupe pekee. Tarehe 30 Juni 1960, wanafunzi wengi wao wakitoka Chuo Kikuu cha Howard waliingia na kupanda farasi wa mbao wanaozunguka. Watano kati yao walikamatwa. Maandamano yakaendelea nje ya lango majira yote ya joto, na wakazi weupe wa mitaa ya jirani wakaungana nao. Mwaka 1961 wenye bustani wakafungua milango kwa wote. Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hatia za wale watano mwaka 1964, kwa kuwa mlinzi aliyewakamata alikuwa amepewa mamlaka ya dola huku akitekeleza ubaguzi wa mfanyabiashara binafsi.

Bustani ya Glen Echo ilifungwa mwaka 1968. Si hiyo peke yake. Bustani nyingi za mijini nchini Marekani zilikufa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanahistoria Victoria Wolcott, katika kitabu chake kuhusu mapambano ya kuondoa ubaguzi katika sehemu za burudani, ameonesha namna wateja weupe walivyozikimbia bustani hizo baada ya watu weusi kuruhusiwa kuingia, na namna wamiliki walivyoacha kuzitunza. Kisha hadithi ikageuzwa. Ikasemwa kwamba ujio wa wageni wapya ndio ulioshusha hadhi, ilhali kilichotangulia ni mtaji kuondoka na fundi kutoitwa.

Wanaharakati wanaosoma hapa naomba walitafakari jambo hili. Neno "ubora" linapotajwa bila kitu cha kupimia, linaweza kuwa vazi la heshima lililovikwa mwili wa chuki. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kila lalamiko la mteja ni la haki. Tuulize kwanza limeelekezwa wapi. Anayelalamikia nati iliyolegea amekielekeza kidole kwenye chombo. Anayelalamikia "aina ya watu wanaokuja siku hizi" amekielekeza kidole kwa binadamu mwenzake.

Disneyland: bustani iliyozaliwa kutokana na lalamiko

Walt Disney alikuwa mmoja wa wageni waliochukizwa na bustani za zamani. Aliziona kuwa chafu, zenye watumishi wakali, na zisizo na kitu ambacho mzazi na mtoto wangekifurahia pamoja. Alijenga bustani yake Anaheim, California, katika eneo lililokuwa mashamba ya michungwa, kwa gharama ya takriban dola milioni 17, na kuifungua tarehe 17 Julai 1955.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa aibu. Tiketi za kughushi zilisambaa na umati ukazidi waalikwa. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba lami mpya ililainika na visigino vya viatu vya akina mama vikazama. Kwa sababu mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, vyoo vilitangulizwa na mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha. Magazeti yaliiponda bustani hiyo. Naikumbusha siku hiyo kwa sababu wapo wanaosimulia kwamba hapo zamani kila kitu kilikuwa shwari. Hakikuwa hivyo. Mapenzi ya zamani huchuja kumbukumbu, yakabakiza muziki na kuondoa kiu.

Kilichoitofautisha Disneyland ni kilichofuata baada ya aibu. Kasoro zilirekebishwa moja baada ya nyingine. Mwanzilishi mwenyewe alikuwa na makazi madogo juu ya kituo cha zimamoto ndani ya bustani, na alizoea kutembea akiwatazama wageni, wapi wanasimama na wapi wanachoka. Ubani wa kutafuna haukuuzwa, ili usigande sakafuni. Usiku, milango ikishafungwa, jeshi la wafagiaji, wapaka rangi na mafundi liliingia kazini. Mgeni aliyefika asubuhi hakuona kazi hiyo, na kutoiona ndiko kulikokuwa ushahidi kwamba imefanyika.

Hata tiketi zilikuwa aina ya kura. Katika mfumo uliodumu hadi mwaka 1982, mgeni alinunua kijitabu chenye kuponi za herufi, kuanzia A kwa vivutio vidogo hadi E, iliyoongezwa mwaka 1959, kwa vile vikubwa. Familia nyingi zilirudi nyumbani na kuponi za A zisizotumika zikalala kwenye makabati kwa miaka. Menejimenti iliyotaka kujua wageni wanapenda nini ilikuwa na jibu mkononi kila jioni.

Walt Disney alifariki Desemba 1966. Utaratibu aliouacha ulidumu miaka mingi baada yake, jambo linaloonesha kwamba ulikuwa umekwisha kuwa taasisi. Lakini taasisi nayo huweza kubomolewa polepole, na kwa nia iliyopambwa kwa lugha ya ufanisi.

Miaka ya kubana matumizi

Mwaka 1992 kampuni ya Disney ilifungua bustani karibu na Paris, ambayo punde ililemewa na madeni. Tangu hapo uongozi wa Michael Eisner, aliyekuwa madarakani tangu 1984, ukawa mwoga wa kutumia fedha katika bustani. Mwaka 1994 usimamizi wa Disneyland ulikabidhiwa kwa Paul Pressler, aliyetoka katika maduka ya kampuni hiyo. Mtazamo wa duka ukaingia bustanini. Kila eneo likapimwa kwa mauzo yake. Washauri elekezi wakaajiriwa kupitia gharama za matengenezo, na kazi za mafundi zikapangwa upya kwa lengo la kuokoa fedha.

Walioona mapema ni wageni, hasa wale wenye tiketi za mwaka waliokuja mara kwa mara. Waliona rangi iliyobanduka kwenye kuta, balbu zilizoungua na kuachwa, na vivutio vilivyofungwa bila tarehe ya kufunguliwa. Mwaka 1997 onesho jipya la mtaani liitwalo Light Magic, lililochukua nafasi ya gwaride la taa lililopendwa, lilizomewa na wageni hao katika onesho la awali, na likaondolewa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1998 eneo la Tomorrowland lilifunguliwa upya likiwa na vigari vya kasi viitwavyo Rocket Rods, vilivyowekwa juu ya njia ya zamani iliyojengwa kwa chombo cha mwendo wa taratibu. Kona hazikuinamishwa, kwa hiyo vigari vililazimika kupunguza mwendo na kuongeza tena kila mara, vikaharibika mara kwa mara, na kufikia mwaka 2000 vikafungwa moja kwa moja.

Wasimamizi waliwaona wakosoaji hao kama watu wachache waliozama katika mapenzi ya kupindukia, wanaohesabu balbu. Ni kweli walikuwa wachache na walihesabu balbu. Lakini balbu iliyoungua hueleza jambo kuhusu kile kisichoonekana. Mgeni hawezi kuingia karakana na kukagua bolti; anachoweza ni kutazama rangi na kukisia.

Tarehe 24 Desemba 1998, meli ya kuigiza iitwayo Columbia ilipokuwa ikikaribia gati kwa kasi kuliko kawaida, kamba ilifungwa kabla haijasimama. Chuma cha kufungia kamba kiling'oka na kuruka hadi gatini. Mgeni mmoja alifariki. Mkewe na mfanyakazi mmoja walijeruhiwa. Mamlaka za jimbo zilibaini upungufu wa mafunzo na kutoza faini ya dola 12,500. Hadi wakati huo California haikuwa na ukaguzi wa serikali kwa vyombo vya burudani vya kudumu. Sheria ya kuuweka ukaguzi huo, pamoja na wajibu wa kuripoti ajali, ilipitishwa mwaka 1999.

Tarehe 5 Septemba 2003, kichwa cha treni ya kivutio cha Big Thunder Mountain kiliacha njia ndani ya handaki. Kijana wa miaka 22 alifariki na watu kumi walijeruhiwa. Uchunguzi wa serikali ulihitimisha kwamba chanzo kilikuwa matengenezo yasiyofuata utaratibu: bolti hazikukazwa ipasavyo na waya wa usalama haukufungwa. Waendeshaji walisikia sauti isiyo ya kawaida, na treni haikuondolewa njiani kwa wakati.

Haki inataka niseme kwamba kampuni ilikana kuwa mabadiliko ya matengenezo yaliathiri usalama. Nami sidai kwamba kila balbu iliyoungua ilikuwa hatua kuelekea kwenye kifo. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani hakiepukiki: walioilalamikia rangi na walioichunguza bolti walikuwa wakizungumzia jambo moja, yaani matunzo. Kundi la kwanza lilizungumza miaka kadhaa kabla ya la pili.

Mabadiliko yalipokuja

Novemba 2003 Roy Disney, mpwa wa mwanzilishi, alijiuzulu kutoka bodi. Katika barua yake alimlaumu Eisner, pamoja na mambo mengine, kwa kujenga bustani kwa ubahili ambao wageni waliuona. Alikuwa na mfano hai: bustani ya pili ya Anaheim, California Adventure, ilifunguliwa Februari 2001 na kupokewa kwa ubaridi, ikipata wageni takriban milioni 5 mwaka huo wakati jirani yake Disneyland ikipata zaidi ya milioni 12. Machi 2004, takriban asilimia 43 ya kura za wanahisa zilizuiwa kwa Eisner. Alivuliwa uenyekiti wa bodi, na mwaka 2005 akaondoka kabisa.

Wakati huohuo msimamizi mpya wa Disneyland, Matt Ouimet, alipaka rangi upya, akafunga na kukarabati vivutio, na kuifikisha bustani kwenye sherehe ya miaka 50, Julai 2005, ikiwa katika hali ambayo wakosoaji walewale waliisifu. Ile iliyojengwa kwa ubahili ilibidi kufumuliwa: mwaka 2007 ilitangazwa kazi ya takriban dola bilioni 1.1, iliyokamilika mwaka 2012. Wahenga walishasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kisa hiki ukuta una bei yake iliyoandikwa, na msomaji anaweza kuilinganisha na gharama ya ndoo ya rangi.

Yanayolalamikiwa leo yamebadilika sura. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, utaratibu wa kuweka nafasi bila malipo ili mgeni asisimame foleni muda mrefu. Mwaka 2021 nafasi yake ilichukuliwa na huduma ya kulipia. Mwaka 2024 Disneyland ikaanza kuuza kibali cha kuruka foleni kwa dola 400 kwa siku kwa mtu mmoja, mbali na kiingilio. Wageni wengi wanalalamika kwamba vivutio vinaharibika mara kwa mara na foleni hazisogei. Hapa mwanahistoria anaona ufa wa aina mpya. Foleni ilikuwa mahali pa mwisho ambapo tajiri na maskini waliolipa kiingilio kimoja walisimama sawa. Ikishauzwa, msimamizi hupata faida kutokana na foleni kuwa ndefu, na anayefaidika na tatizo hana haraka ya kulitatua.

Namna ya kusikiliza

Watumishi wa umma wanaosoma hapa hawaendeshi bustani za burudani. Wanaendesha zahanati, vivuko, shule na ofisi za ardhi, na wengi wao wana sanduku la maoni ukutani. Historia hii inawapa maswali manne ya kuuliza kila lalamiko la "huduma imeshuka" linapofika mezani.

Kwanza, je, lalamiko linataja kitu au linataja watu? Likitaja watu, kumbuka Glen Echo. Pili, je, linaweza kuthibitishwa leo kwa kwenda na kutazama? Likiweza, tuma mtu akatazame kabla ya kuandika jibu. Tatu, je, anayelalamika ni mtumiaji wa mara kwa mara? Huyo analinganisha jana na leo, na ulinganifu wake una thamani kuliko dodoso la mgeni wa siku moja aliyefurahi. Nne, je, lalamiko limeanza baada ya fungu la matengenezo kupunguzwa? Likiwa limeanza hapo, anayelijibu asiwe yule aliyelipunguza.

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu akiba itokanayo na kuahirisha matengenezo huonekana katika mwaka huuhuu wa fedha, na aliyeiokoa hupongezwa. Hasara yake hufika miaka kadhaa baadaye, wakati mwenye kupongezwa ameshahamishwa au kupandishwa cheo. Pressler aliondoka Disneyland kwa kupanda, na mwaka 2002 akateuliwa kuongoza kampuni kubwa ya mavazi. Treni iliacha njia mwaka uliofuata. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na siandiki hapa kumhukumu. Ninawauliza wanaopanga bajeti zetu: katika vitabu vyenu vya mahesabu, ni safu gani inayoonesha ukarabati ambao haukufanyika, na ni nani anayetakiwa kutia saini mbele yake?